Tundu Likilegea, Kipakatalishi Kizima Kitupwe?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilishuka Kamakis nikiwa nimefuatana na mwanafunzi wangu wa uzamili. Hatukuwa tumefuata nyama choma, ijapokuwa moshi wake ulitulaki pale pale tuliposhuka kwenye matatu kandokando ya barabara ya Eastern Bypass. Tulikuwa tumemfuata fundi. Kipakatalishi cha binti huyo kilikuwa kimekataa kupokea chaji siku tisa kabla ya tarehe ya kuwasilisha tasnifu yake, na ndani yake mlikuwa na sura mbili ambazo hakuwa amezinakili popote pengine. Msomaji atauliza ni kwa nini hakuzinakili. Nami nilimwuliza vivyo hivyo, kwa sauti ambayo sasa naijutia.

Fundi, kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano, alilimulika tundu la chaji kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa. "Mwalimu, ulimi wa ndani umekatika," akaniambia. "Na tundu lenyewe limeunganishwa kwa lehemu kwenye ubao mkuu. Ningelibandua niweke jingine, lakini njia za shaba zilizo chini yake zimeng'oka. Hapa ni kubadilisha ubao wote."

Ubao huo ulikuwa shilingi 18,000. Mashine yenyewe, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika ng'ambo, alikuwa ameinunua kwa shilingi 32,000 kutoka katika mkopo wake wa HELB. Chini ya meza ya fundi palikuwa na katoni iliyosheheni vipakatalishi. Nilipomwuliza vina maradhi gani, alinijibu kwamba karibu nusu vilikuwa vizima kabisa, vioo vyake, kumbukumbu zake na vibodi vyake, ila matundu tu.

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile. Sisi walimu, na wanafunzi wetu zaidi, tunaponunua mashine huuliza kasi yake na ukubwa wa kumbukumbu yake. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mashine ina matundu mangapi, ya aina gani, na jinsi yalivyofungwa. Ilhali tundu ndilo sehemu ya mashine ambayo mkono wa mtu huishughulikia kwa nguvu kila siku.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza aliwahi kuniandikia katika zoezi la tafsiri "bandari za tarakilishi". Nilimkosoa kwa wino mwekundu, kisha nikajuta. Waingereza wenyewe huyaita matundu hayo kwa jina lile lile waliloipa bandari, na kwa hakika ndipo shehena inapoingilia na kutokea: umeme, picha, sauti na maandishi. Hata hivyo mafundi wa Kamakis husema tundu, nami nitafuata lugha yao.

Sasa tuzitazame tarakimu. Tundu la USB la umbo la mstatili tulilolizoea, ambalo asili yake ni mwaka 1996, viwango vyake vilidai livumilie kuchomekwa na kuchomolewa angalau mara 1,500. Mtu anayechomeka flashi mara tatu kwa siku atafikisha idadi hiyo kabla ya mwaka mmoja na nusu kwisha. Tundu dogo la mviringo wa yai liitwalo USB-C, ambalo vipimo vyake vilitangazwa mwaka 2014, linatakiwa kuvumilia mara 10,000. Kwa mwendo huo huo wa mara tatu kwa siku, hiyo ni miaka tisa. Fauka ya hayo, waliolibuni walifanya jambo la busara: vibanio vinavyochakaa waliviweka kwenye plagi ya waya, si ndani ya tundu, ili kinachokufa kwanza kiwe waya wa shilingi mia kadhaa.

Mbona basi katoni ya fundi imejaa? Kwa sababu katika maabara plagi huingia ikiwa imenyooka na kutoka ikiwa imenyooka. Katika chumba cha kukodi cha Ruiru, ambako soketi ni moja tu nayo iko nyuma ya mlango, waya huvutwa ukakazika kama kamba ya kuanikia nguo, na kila apitaye huukumba. Ndani ya tundu la USB-C mna ulimi mwembamba ambao huvunjika ukikunjwa upande. Ongeza vumbi. Anayeishi kandokando ya barabara zinazopitiwa na malori ya mawe kutoka machimbo ya Ndarugo anajua kwamba asubuhi meza yake huwa imepata rangi nyingine. Vumbi hilo huingia tunduni, plagi ikalishindilia ndani, mwishowe haifiki mwisho. Mwenye mashine, akidhani imelegea tu, huisukuma kwa nguvu. Baadhi ya matundu yaliyomo katika ile katoni, fundi alikiri, yangalipona kwa kijiti cha meno na subira.

Lipo pia suala la kuchagua. Mwaka 2015 kampuni ya Apple ilitoa MacBook yenye tundu moja tu la USB-C kwa chaji na kwa mengineyo yote, na wengine wakaiga wembamba huo. Mwaka 2021 Apple hiyo hiyo ilirudisha kwenye mashine zake za MacBook Pro tundu la HDMI, nafasi ya kadi ya kamera, na chaji inayonasa kwa sumaku, ambayo waya wake ukikumbwa huchomoka bila kuivuta mashine. Huku kwetu, mhadhiri huingia darasani na mkoba wa adapta kama mganga na tunguri zake: ukumbi huu projekta yake ni ya VGA, teknolojia ya mwaka 1987, ule wa pili ni ya HDMI, na ofisini mtandao huja kwa waya mnene. Nimewahi kupoteza dakika ishirini za mhadhara wa fonolojia kwa sababu adapta niliyoihitaji ilikuwa mezani nyumbani.

Hapa ndipo ninapovutiwa na mashine za kampuni ya Framework ya Marekani, ambazo zilianza kuwafikia wanunuzi mwaka 2021. Kipakatalishi chao kidogo kina nafasi nne ubavuni, na katika kila nafasi mwenyewe huingiza kadi atakayo: ya USB-C, ya USB ya zamani, ya HDMI, au ya waya wa mtandao. Aendaye kufundisha huweka HDMI. Arudipo huitoa akaweka nyingine. Sisi wanaisimu hatuoni jambo geni katika muundo huo. Katika anasoma, tulimsomea na watasomeshwa, mzizi ni ule ule, viambishi ndivyo vinavyopachikwa na kupachuliwa kwa kadiri ya haja. Muhimu zaidi ni kwamba misukosuko ya kila siku huishia kwenye kadi. Ndani kabisa kuna tundu la USB-C lililoshikana na ubao, lakini hilo hukutana na kadi, si na waya unaokumbwa na wapita njia. Kadi ya kawaida ikivunjika, hununuliwa nyingine kwa takribani dola 10, ikaingizwa kwa kidole. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vipakatalishi vyetu vingi vimeundwa kinyume cha methali hiyo.

Sisemi kwamba mashine hizo hazina dosari. Nafasi nne ni chache kwa mtu mwenye vifaa vingi, na baadhi ya kadi za awali, ile ya HDMI ikiwemo, zilinyonya betri hata mashine ikiwa imelala. Tena sijaiona ikiuzwa Ruiru wala Thika. Lakini wazo lenyewe limeanza kusambaa. Mwezi Januari mwaka 2025 Dell ilitangaza vipakatalishi vya kazi ambavyo tundu lake la USB-C hufungwa kwa skrubu badala ya lehemu. Wazee wa ufundi watacheka, maana katika mashine nyingi za zamani tundu la chaji lilikuwa kwenye kipande cha waya kilichochomolewa na kubadilishwa kwa nusu saa. Tuliacha jambo jema kwa tamaa ya wembamba, sasa tunalirudia kama uvumbuzi.

Jambo hili linahusu pia fedha za umma. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambacho kiko Juja, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kilishirikiana na kampuni za Positivo ya Brazil na BGH ya Argentina kuunda vishikwambi vya mpango wa serikali wa shule za msingi ulioanza mwaka 2016. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa nchini. Mjadala wa hadharani ulikuwa juu ya bei, umeme na mafunzo ya walimu, mambo mazito kweli. Lakini kifaa cha mtoto wa darasa la kwanza huchomekwa na mkono wa mtoto wa darasa la kwanza, na mwalimu aliye mbali na fundi anahitaji kujua, tundu likifa, ni kipande gani atakachokibadilisha na atakipata wapi. Natamani kila zabuni ya shule na vyuo iwe na sharti moja la ziada: tundu la chaji liweze kubadilishwa bila kugusa ubao mkuu, na vipuri vyake viuzwe humu nchini kwa miaka mitano. Nimeliandika sharti hilo katika barua kwa wahusika wa ununuzi mahali ninapofanyia kazi. Sijajibiwa.

Kuhusu binti, fundi hakubadilisha ubao. Alifungua mashine, akachomoa diski, akaitia katika kasha dogo lenye waya wa USB, na sura zile mbili zikahamia kwenye kipakatalishi changu pale pale juu ya meza yake. Alitoza shilingi 1,200. Tasnifu iliwasilishwa siku moja kabla ya mwisho, ikiwa imechapwa kwenye mashine yangu, ambayo kwa siku nane mimi sikuiona. Ile yake imebaki Kamakis, ndani ya katoni.