Tusiyaache majumba ya sinema yabaki majina ya vituo vya matatu

Abiria yeyote aingiaye katikati ya jiji la Nairobi hana budi kuyasikia majina haya. "Odeon! Odeon!" utingo mmoja hupaza sauti. Mwenzake hutangaza kwamba gari lake litashukisha Globe. Naye anayeelekea Barabara ya Thika huulizwa kama atateremkia Drive-In. Juzi nilimwuliza kijana aliyeketi kando yangu kama alijua Odeon ni nini. Alifikiri kidogo, kisha akanijibu kwa adabu, "Si ni steji, mzee?"

Sikumlaumu. Hajapata kuiona Odeon ikiwa na taa zake zinawaka, wala watu wakisukumana mlangoni kugombea tikiti. Jina limebaki vinywani mwa watu, lakini mwenye jina amekwisha kusahaulika. Odeon lilikuwa jumba la sinema katika Barabara ya Latema. Globe, lililoupa jina mzunguko wa barabara unaojulikana na kila dereva wa jiji, lilikuwa jumba la sinema vilevile. Drive-In nayo ilikuwa uwanja ambamo watu walitazama filamu usiku wakiwa wameketi ndani ya magari yao.

Tumezoea kufikiri kwamba historia imo katika ngome, misikiti ya kale na makaburi ya mashujaa. Hayo ni kweli. Lakini historia ya watu wa kawaida wa mjini, jinsi walivyovaa, walivyochumbiana, walivyobaguliwa na hatimaye walivyojifunza kukaa pamoja, imo pia katika majumba ya sinema. Tukiyaacha yatoweke moja baada ya jingine pasipo hata kuandikwa, tutakuwa tumeuchana ukurasa mzima wa maisha yetu.

Hebu tuanzie Nairobi. Mwaka wa 1912, wakati mji ulikuwa bado mchanga na barabara zake zikijaa tope kila masika, lilijengwa jumba lililoitwa Theatre Royal katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Baadaye lilibadilishwa jina likaitwa Cameo. Lilijengwa kwa ajili ya walowezi, na halikuwa la burudani peke yake. Mnamo 1915, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimepamba moto, walowezi walikutanika humo kudai kwamba kila Mzungu alazimishwe kushiriki katika vita. Kwa hivyo jengo hilo moja lilikuwa ukumbi wa michezo, jumba la sinema na baraza la siasa kwa wakati mmoja.

Mwafrika alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa nje. Ubaguzi wa rangi uliotenga mitaa, hospitali na shule ulitenga viti vya sinema pia. Isitoshe, hata alipopata pa kutazamia, serikali ya kikoloni ilikuwa na bodi ya ukaguzi iliyoamua ni filamu zipi zilizomfaa na zipi zingemtia kiburi. Wakoloni hawakupenda Mwafrika amwone Mzungu akilewa, akiiba au akipigwa ngumi.

Badala yake waliamua kumtengenezea sinema zake. Kati ya 1935 na 1937 ulifanywa mradi maalumu wa kutengeneza filamu za kuwafunza Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, na filamu hizo zilizungushwa kwa lori hadi Kenya, Uganda na nchi nyingine. Zilihusu kilimo, afya na uwekaji wa akiba. Watu walikusanyika uwanjani na kutazama, kwani ni nani asiyependa kioja? Lakini pana tofauti kubwa kati ya sinema inayokufuata kijijini ili ikufunze namna ya kuchimba choo na ile unayoiendea mwenyewe, umevaa nguo zako nzuri, umelipa pesa zako na umechagua kiti chako. Ya kwanza ilimfanya mtu mwanafunzi, ya pili ilimfanya mwenyeji wa mji. Hii ndiyo sababu watu wengi walioanza kuingia katika majumba ya Nairobi baada ya ubaguzi kuondolewa hawakuyaona kama mahali pa starehe tu. Kupita mlango ule kulikuwa na maana ya uhuru.

Pwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko Unguja, mwaka wa 1921, lilifunguliwa jumba la Royal katika mtaa wa Vuga. Aliyelichora alikuwa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye baadhi ya majengo mashuhuri ya serikali mjini humo ni kazi yake pia. Jumba hilo liliungua katika miaka ya mwanzo ya 1950, na mnamo 1955 lilijengwa jipya kwa mtindo wa kisasa wa wakati huo, likapewa jina la Majestic. Safari hii mchoraji alikuwa fundi wa papo hapo mwenye asili ya Kihindi, Dayalji Pitamber Sachania. Yalikuwapo pia Empire na Sultana, na hili la mwisho liliitwa Cine Afrique baada ya mapinduzi ya 1964.

Katika majumba hayo ya Unguja kilichotenga watu hasa kilikuwa bei ya tikiti. Mwenye nacho aliketi juu katika roshani, asiye nacho aliketi mbele karibu na pazia, shingo imepinda. Lakini wote walikuwa chini ya paa moja. Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mswahili walicheka kwa pamoja na kulia kwa pamoja. Tena palikuwa na maonyesho ya zanana, yaani ya wanawake peke yao. Akina mama waliokuwa wakitoka nyumbani kwa nadra walifika kwa makundi wakiwa na mabuibui na watoto wao, wakakaa saa tatu nzima bila ya jicho la mwanamume. Ni mahali gani pengine mjini walipoweza kukusanyika hivyo, mbali na arusini na matangani?

Mombasa nayo ilikuwa na Regal, Naaz, Majestic na mengineyo. Kule, kama Unguja na Lamu, filamu za Kihindi ndizo zilizotawala. Raj Kapoor na filamu yake Awaara ya 1951 walijulikana na watu wasiojua hata neno moja la Kihindi. Mother India ya 1957 iliwaliza wazee. Sholay ya 1975 iliwafanya vijana waigize majambazi katika vichochoro. Nazo filamu za Bruce Lee, hasa Enter the Dragon ya 1973, zilijaza madarasa ya karate kutoka Mombasa hadi Kisumu. Nyimbo za sinema ziliingia katika taarabu, na mitindo ya nguo iliingia katika vyerehani vya mafundi. Mtu akitaka kuandika habari za utamaduni wa miji yetu pasipo kuyataja majumba haya, atakuwa anaandika nusu tu.

Majengo yenyewe yalikuwa na ufundi wake. Sakafu iliteremka kutoka nyuma kwenda mbele ili kila mtu aone juu ya kichwa cha mwenzake. Kuta zilivikwa mbao au vitambaa ili sauti isirudi kama mwangwi wa pangoni. Nyuma na juu kilikuwapo chumba kidogo chenye kuta nene na vidirisha vidogo, ambamo mitambo miwili ya kuonyeshea filamu iliunguruma. Unene wa kuta hizo haukuwa wa bure. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu zilitengenezwa kwa utepe ulioshika moto upesi mno, na chumba hicho kilikusudiwa kuuzuia moto usiwafikie watazamaji.

Mitambo ilikuwa miwili kwa sababu filamu moja ilikuja katika magurudumu mengi. Gurudumu la kwanza likikaribia kwisha katika mtambo mmoja, fundi aliwasha mtambo wa pili ili hadithi iendelee pasipo kukatika. Fundi akisinzia, pazia liligeuka jeupe, na ukumbi mzima ukampigia mbinja. Mara nyingine majumba mawili yaligawana nakala moja ya filamu, na kijana wa baiskeli akawa anakimbiza magurudumu kutoka jumba hili hadi lile. Akichelewa kwa pancha, watu walikaa gizani wakisubiri kujua kama shujaa ameokoka.

Basi ni nini kilichoyaua majumba haya? Wengine husema ni video, na hawasemi uongo. Katika miaka ya 1980 mashine za video zilienea, na mtu akaweza kukodisha kanda moja ikatazamwa na ukoo mzima. Kisha vikaja vibanda vya video vitaani, vyenye mabenchi na kiingilio cha shilingi chache. Televisheni nazo ziliongezeka tangu 1990. Lakini video haikufanya kazi peke yake. Bei ya viwanja katikati ya miji ilipanda, na mwenye jumba la viti mamia kadha lililojaa Jumapili tu alianza kupiga hesabu. Aidha, watu waliogopa kutembea mjini usiku. Huko Tanzania, majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa mwaka wa 1971, na si machache yaliyokosa matunzo baadaye.

Majumba yenyewe yalipatwa na mambo mbalimbali. Mengine yaligeuzwa makanisa, na mengine yakawa maduka. Empire ya Unguja ikawa duka kubwa la vyakula, nayo Cine Afrique ikageuzwa mahali pa maduka. Majestic lilikaa gofu kwa miaka mingi, ingawa lilisimama ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000.

Wapo watakaosema kwamba ninalilia maziwa ya ng'ombe aliyekufa. Vijana hutazama filamu katika simu zao, na wenye pesa huenda katika kumbi ndogondogo za kisasa ndani ya majumba ya biashara. Sipingi. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wala sisemi kwamba kila jumba la zamani lirudishwe kuonyesha filamu, kwa maana biashara isiyo na wateja haiwezi kuishi kwa huruma. Jengo linalotumiwa kwa ibada au kwa biashara ni afadhali mara mia kuliko kiwanja kitupu, kwa sababu angalau kuta zake zimesimama.

Ninachosema ni kwamba jengo linaweza kupewa kazi mpya bila ya kunyimwa jina na sura yake. Mfano tunao hapa hapa Nairobi. Jumba la Shan mtaani Ngara, lililokuwa likionyesha filamu za Kihindi, lilichukuliwa na Sarakasi Trust likawa Sarakasi Dome. Leo vijana hujifunza humo sarakasi, ngoma na muziki. Watazamaji wanakaa tena mahali palepale walipokaa baba na mama zao. Shan halikufa, lilibadilisha mchezo tu.

Sheria pia tunayo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka wa 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo lenye thamani ya kihistoria kuwa turathi inayolindwa, na haisemi kwamba ni lazima jengo hilo liwe la karne ya 16. Jumba la 1912 linafaa. Hata lililojengwa baada ya vita vikuu vya pili linafaa. Kinachokosekana ni mtu wa kulipendekeza. Serikali za kaunti za Mombasa, Kisumu, Nakuru na Nairobi zingeweza kuanza na jambo dogo lisilogharimu sana, nalo ni kuorodhesha majumba ya sinema yaliyosalia, kuyapiga picha na kuwahoji mafundi wa mitambo, wauza tikiti na akina mama wa zanana kabla hawajatutoka. Kibao kidogo ukutani chenye jina la jumba na mwaka lilipofunguliwa hakiwezi kuifilisi kaunti.

Yule kijana wa matatu aliteremka Odeon. Nilimwonyesha kwa kidole upande lilipokuwa jumba lenyewe, akasimama kidogo akatazama juu, kisha umati ukamchukua. Laiti pangekuwa na kibao, angalisoma.