Kibali Kwanza, Pesa Baadaye: Jinsi ya Kuagiza Miche Kutoka Nje ya Nchi

Mvua za masika zikikaribia, swali moja hutujia sana kutoka upande wa Kwale: "Kuna mtu Tanga ana miche mizuri ya michungwa. Namtumiaje pesa?" Kutuma pesa si kazi, ni dakika mbili tu. Swali ambalo wengi hawaulizi ni hili: je, hiyo miche ina kibali cha kuingia Kenya? Kama haina, pesa itafika Tanga salama salimini, lakini miche haitafika Kombani.

Makala haya ni yako wewe mwenye nasari kando ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga, wewe unayetunza bustani ya hoteli pale Diani, na hata wewe ambaye shangazi yako yuko Muscat na ameahidi kukuletea mche wa mtende. Sheria ni moja kwenu nyote. Mche mmoja wa zawadi na lori zima la biashara, vyote vinahitaji karatasi.

Kwani mche mmoja una shida gani?

Shida haiko kwa mche, iko kwa kile kilichojificha ndani yake. Tuchukue mfano wa huo mtende wa Muscat. Nchi za Ghuba zimekuwa zikipambana na fukusi mwekundu wa mitende tangu miaka ya 1980. Mdudu huyu hutaga mayai kwenye mti, na viluwiluwi wake hula shina kutoka ndani. Kwa nje unaona mche mzima wa afya. Sehemu kubwa ya kuenea kwake ilitokana na watu kusafirisha machipukizi ya mitende kutoka shamba hadi shamba na nchi hadi nchi. Halafu mdudu huyu hali mitende peke yake. Anakula minazi pia. Fikiria hilo ukiwa Kwale, ambako mnazi ndio nazi, ndio makuti, ndio karo ya watoto.

Na pwani yetu tayari imeonja. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, ambaye hakuwa amewahi kuonekana Afrika, aligunduliwa hapa pwani ya Kenya. Leo mkulima yeyote wa maembe anamjua. Hasara yake haikuishia kwa maembe: mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga soko lake kwa maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi huyo huyo.

Michungwa nayo ina ugonjwa unaogeuza majani kuwa na mabaka ya manjano na kuacha matunda yakiwa madogo, machungu, na kijani upande mmoja. Hauna dawa. Unasambazwa na mdudu mdogo, na pia kwa miche iliyobebeshwa kutoka kwa mti mgonjwa. Ukinunua mche mgonjwa ukaupanda, umejiletea hasara wewe na jirani yako, na jirani yako hakununua chochote.

Karatasi mbili usizozichanganya

Anayesimamia mambo haya Kenya ni KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kwa nguvu ya Sheria ya Ulinzi wa Mimea, Sura ya 324. Karatasi kubwa ni mbili:

1. Kibali cha kuingiza mimea. Kwenye mfumo utakiona kwa herufi PIP. Hiki unakiomba wewe mnunuzi, hapa Kenya, KABLA mzigo haujaondoka huko unakotoka. Ndicho kinachosema mmea gani, kiasi gani, kutoka nchi gani, na kwa masharti gani.

2. Cheti cha afya ya mimea. Mawakala wengi hukiita "faito". Hiki anakitafuta muuzaji, kwenye mamlaka ya nchi yake. Kwa Tanzania Bara ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Mkaguzi wa kule anaangalia miche, akiridhika kwamba imetimiza masharti ya kibali chako ndipo anatoa cheti.

Umeona mpangilio ulivyo? Cheti cha kule kinategemea kibali cha huku. Muuzaji akikuambia "usijali, mimi nina faito tayari" na wewe hujaomba kibali bado, simama hapo. Hiyo faito imeandikwa kwa masharti ya nani?

Hatua kwa hatua

Hatua ya 1: Jua jina kamili la mmea. "Mche wa ndimu" haitoshi. Unahitaji jina la kisayansi, aina, idadi, na kama ni mche wenye mizizi, kipandikizi, mbegu au mmea wa maabara. Mwombe muuzaji akuandikie.

Hatua ya 2: Uliza KEPHIS kama mmea huo unaruhusiwa. Kuna mimea iliyokatazwa kabisa, kuna inayoingia kwa masharti makali, na kuna rahisi. Ofisi yao ya Mombasa ndiyo jirani kwa watu wa South Coast. Swali hili ni bure, na linaweza kukuokolea pesa zote.

Hatua ya 3: Omba kibali mtandaoni na ulipe ada. Utahitaji PIN ya KRA na maelezo ya muuzaji. Ukitumia wakala wa forodha, anaweza kukuombea kupitia mfumo wa dirisha moja wa KenTrade. Hakikisha kibali kimetoka kwa jina lako, maana hakihamishwi kwa mtu mwingine.

Hatua ya 4: Mtumie muuzaji nakala ya kibali. Asome masharti kabla ya kufungasha. Sharti linalowaangusha wengi ni udongo. Miche haiingii na udongo wa shambani kwenye mizizi. Inaoshwa, au inakuzwa kwenye kitu kingine kilichokubaliwa. Ile miche ya kwenye mifuko myeusi iliyojaa udongo, kama tunavyoizoea huku, ndiyo hukwama kwanza.

Hatua ya 5: Angalia faito kabla mzigo haujaondoka. Muuzaji akupigie picha. Linganisha na kibali: jina la mmea, idadi, jina lako, nchi. Kibali kikisema miche 300 na cheti kikasema 350, hiyo 50 ni matatizo.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa kuingia. Iwe bandari ya Mombasa, uwanja wa ndege wa Moi au mpaka wa Lunga Lunga, mkaguzi wa KEPHIS anaangalia karatasi na kuchukua sampuli. Ikiwa sawa, mzigo unaachiliwa. Mimea mingine hupelekwa kwanza karantini, kama ile ya Muguga kule Kiambu. Ikishindwa kabisa, inatibiwa, inarudishwa au inaharibiwa. Na gharama ni yako wewe mwenye mzigo, si ya serikali.

"Lakini si Tanzania ni Afrika Mashariki?"

Hapa ndipo watu wa upande wetu wanapojichanganya. Ni kweli kuna utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Bidhaa zilizo kwenye orodha, zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zisizozidi dola 2,000 kwa mzigo, hupata cheti rahisi cha asili na hazilipiwi ushuru wa forodha. Unakusaidia kweli.

Lakini utaratibu huo ni wa ushuru. Haugusi ukaguzi wa mimea. Mdudu hajui Jumuiya wala mpaka. Kwa hivyo mche kutoka Muheza bado unataka kibali na faito, hata kama ni miche kumi kwenye buti la gari.

Ukiagiza kutoka nje ya Jumuiya, hapo KRA inaingia kikamilifu. Mwambie wakala akupigie hesabu ya ushuru pamoja na ile ada ya tamko la uagizaji (IDF) na tozo ya reli (RDL) kabla hujakubali bei ya muuzaji. Na kama ni okidi unazitaka kwa bustani ya hoteli, jua kwamba jamii nzima ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa viumbe vilivyo hatarini. Baadhi ya mahuluti ya kukuzwa kitaluni yana msamaha kwa masharti, lakini ulizia kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kabla ya kuagiza.

Sasa tuje kwa pesa

Tuseme unanunua miche 300 kwa shilingi 200 kila mmoja. Jumla 60,000. Muuzaji anataka zote leo "ili asiwauzie wengine". Ukizituma zote na mzigo ukakwama, umepoteza 60,000, nauli ya gari, na bado utalipia kuharibiwa kwake.

Njia salama ni kugawanya malipo kulingana na karatasi:

- Kabla ya kibali: usitume kitu, au ukubaliane na malipo madogo ya kushikilia mzigo ambayo yatarudishwa kibali kikikataliwa. Andikianeni, hata kama ni kwa ujumbe wa simu.
- Kibali kikitoka: lipa sehemu, tuseme asilimia 30, yaani 18,000.
- Picha ya faito ikifika na kufanana na kibali: malizia 42,000 zilizobaki.

Ukituma kwa simu hadi Tanzania, hakiki kwanza jina la mpokeaji. Lifanane na jina lililo kwenye bili yake. Likitofautiana, muulize kwanza.

Ada za serikali zina njia yake. Tangu 2023 serikali ilielekeza malipo ya huduma zake yapitie paybill moja, 222222, ya eCitizen. Mfumo ukikupa bili, utapata namba ya kumbukumbu. Hiyo ndiyo unayoweka mahali pa akaunti. Ujumbe wa kuthibitisha ukiingia, usiufute. Piga picha ya skrini, weka pamoja na kibali.

Simu ya "mzigo wako umezuiliwa"

Hii ijue vizuri. Mtu anapiga, sauti ya kiofisi kabisa: "Mimi ni afisa, miche yako imekwama Kilindini, inakauka. Tuma elfu kumi na tano kwa namba hii sasa hivi niiachilie." Anajua miche ni kitu kinachokufa, na anajua una haraka.

Fanya hivi. Kata simu. Mpigie wakala wako kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ingia kwenye mfumo uangalie kama kuna bili mpya kwa jina lako. Kama ada ni halali, itakuwa na bili na itaenda 222222. Ada ya serikali hailipwi kwa namba ya mtu binafsi, hata akiwa na kitambulisho cha kazi shingoni. Na kama umeshatuma, ripoti kwa mtoa huduma wako dakika hiyo hiyo, kabla pesa haijatolewa. Kila dakika inayopita inapunguza nafasi ya kuirudisha.

Kabla hujabonyeza "Tuma"

- Mmea unaruhusiwa kuingia Kenya?
- Kibali kimetoka, kwa jina langu, na hakijapitwa na muda?
- Muuzaji amesoma masharti, hasa la udongo?
- Faito inafanana na kibali?
- Ada ya serikali inaenda 222222?
- Jina la mpokeaji ni la muuzaji ninayemjua?

Jibu likiwa ndiyo kote, tuma kwa amani. Likiwa hapana hata pamoja, subiri. Pesa yako haina haraka ya kutoka, na ukiwa nayo bado mkononi ndipo una nguvu ya kumwambia muuzaji alete karatasi.

Una jirani anayepanga kuleta miche kabla ya mvua? Mtumie makala haya leo.