Mgonjwa si gunia la mchele

MWEZI Machi mwaka 2019 mama yangu mzazi alianguka mlangoni, nyumbani kwetu Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Ilikuwa alfajiri. Tulipomfikia mdomo ulikuwa umepinda, na mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea kama vya mtoto aliyelala. Kilikuwa kiharusi.

Kiharusi chenyewe sitakizungumzia sana leo, kwani waganga wamekwisha kukieleza mara nyingi redioni na magazetini. Nataka kuzungumzia bega la mama. Bega lile halikuharibiwa na kiharusi. Tuliliharibu sisi wanawe, kwa mikono yetu wenyewe na kwa nia njema kabisa.

Ndugu msomaji, kama umewahi kulaza mgonjwa katika hospitali zetu, utaratibu unaujua. Mgonjwa haendi peke yake. Huenda na mtu wa kumuuguza, ambaye kwa Kirundi tunamwita umurwaza. Huyo ndiye anayepika, anayefua na anayekimbilia dawa dukani. Ndiye pia anayemgeuza mgonjwa kitandani, kumkalisha na kumpeleka msalani. Muuguzi wa zamu ana wodi nzima mikononi mwake.

Mama tulimuuguza watu wawili, mimi na shemeji yangu. Shemeji ni mtu wa mpakani. Kwa miaka mingi amekuwa akivusha bidhaa kati ya Manyovu na Mugina, na gunia la kilo hamsini kwake ni jambo la kawaida. Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa mwaka 1979 katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, nchini Tanzania, walikokimbilia wazazi wangu mwaka 1972. Nilisomea huko, na mwaka 2008 tukarudi nyumbani. Katika somo la biolojia nilikariri mifupa ya bega kwa Kiingereza, mmoja baada ya mwingine. Namna ya kumwinua mtu mwenye bega hilo hakuna aliyenionyesha. Kule Ulyankulu mgonjwa tulimfunga kwa khanga juu ya baiskeli, tukasukuma.

Basi siku ya pili hospitalini mama alikuwa ameteleza hadi chini ya kitanda, miguu ikining'inia. Shemeji alimshika kwapa la kulia, mimi la kushoto. Tukavuta. Mama alipiga ukelele ambao wodi nzima waligeuka kuutazama. Tulidhani ni uchungu wa ugonjwa. Kesho yake tukafanya vilevile, na keshokutwa. Ilipofika wiki ya pili bega la kulia lilikuwa limeshuka, pana shimo la kuingia kidole chini ya mfupa wa juu, na mama hakulala usiku.

Aliyetuonyesha kosa letu ni muuguzi mmoja wa makamo aliyepita akielekea wodi nyingine. Alisimama, akamtazama shemeji, akasema: "Baba, huyo si gunia la mchele. Gunia halina bega."

Akatueleza. Bega la binadamu halikushikizwa kwa mfupa imara kama nyonga. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe kifupi, na kazi ya kukizuia kisitoke hufanywa na misuli. Kiharusi kinapolegeza misuli ya upande mmoja, mkono unabaki unaning'inia kwa uzito wake. Ukiuvuta, au ukimnyanyua mtu kwa makwapa, unautoa mfupa mahali pake. Kumbebea mgonjwa makwapani ni desturi iliyokuwapo hata hospitali za Ulaya zamani, na leo wauguzi wa huko wanafundishwa kutoigusa kabisa.

Yule mama hakuwa na zaidi ya robo saa. Alitufundisha mambo mawili tu, lakini aliyafanya mbele yetu na kisha akatutaka tuyarudie sisi.

La kwanza ni kumpandisha mgonjwa juu kitandani. Havutwi mtu, inavutwa shuka. Shuka inakunjwa mara mbili na kutandazwa chini ya mgonjwa kuanzia kichwani hadi chini ya makalio. Kuiingiza, unamlaza ubavu mmoja, kisha wa pili. Mtu mmoja anasimama kila upande na kuiviringa pindo mpaka ngumi ziwe karibu na mwili wa mgonjwa. Mwenye kuweza anakunja goti lake zima na kusukuma kwa unyayo. Wabebaji hawainami, wanatanua miguu, wanakunja magoti, na kuhamisha uzito wa miili yao kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Ngozi ya mgonjwa haisuguliwi na godoro, na hilo si jambo dogo, maana msuguano ni mmoja wa wazazi wa vidonda vya kulala muda mrefu. Ndiyo sababu pia tuliambiwa tumgeuze kila baada ya saa mbili hivi.

Shemeji akaongeza la kwake. Alitoa kwenye mkoba wake kipande cha nailoni nene, ile wanayofunikia mizigo mvua ikinyesha, akauliza kama kikiwekwa chini ya shuka hakitatelezesha vizuri zaidi. Muuguzi alicheka, akasema wenzetu wenye uwezo wananunua kitu cha namna hiyohiyo dukani. Sharti lake lilikuwa moja, kiondolewe mara tu mgonjwa akishafika mahali pake, la sivyo atateleza mwenyewe hadi sakafuni, na ngozi yake italowa jasho.

La pili ni kumtoa kitandani kwenda kitini. Hapa ndipo tulipokuwa tukikosea zaidi. Kiti tulikuwa tukikiweka popote penye nafasi. Kumbe kinawekwa upande ulio mzima, kikigusana na kitanda, na kikiwa cha magurudumu breki zinafungwa kwanza. Mama upande wake mzima ulikuwa wa kushoto. Anakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili zikiwa chini na viatu visivyoteleza. Khanga iliyokunjwa inafungwa kiunoni juu ya nguo, ndiyo mshipi wa kushikia (aliyepasuliwa tumbo hafungwi hivyo). Unasimama mbele yake, magoti yako yakilizuia goti lake lililolegea lisikunjike. Mkono dhaifu unaegemezwa tumboni pake. Hakuna kumwambia akushike shingoni, kwa kuwa akiyumba atakwenda chini nawe.

Halafu anaambiwa ainame mbele. Hili lilinishangaza, kwani mimi nilikuwa nikimvuta kwenda juu. Jaribu wewe mwenyewe hapo ulipokaa, usimame bila kuinamisha kifua. Hutaweza. Kichwa kikishapita magoti, makalio yanakuwa mepesi, na mtu mwenye mguu mmoja mzima anainuka kwa nguvu zake nyingi kuliko zako. Baada ya hapo unageuka naye kwa hatua ndogondogo za miguu, si kwa kusokota kiuno.

Kiuno changu mimi kilikuwa kimekwisha kusokotwa. Mwezi wa pili wa kumuuguza mama niliamka siwezi kuvaa viatu, na nikakosa darasani wiki tatu. Yule muuguzi naye aliniambia kwamba alihamishiwa chumba cha kufunga vidonda kwa sababu ya mgongo. Mzigo ukiwa mbali na mwili, uti wa mgongo unabeba mara nyingi zaidi ya uzito wenyewe, na kitanda kinamfanya mgonjwa awe mbali. Mwaka 2007 mtafiti Thomas Waters, wa taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, aliandika kwamba muuguzi asinyanyue kwa mikono zaidi ya kilo 16 hivi za uzito wa mgonjwa, hata hali ikiwa nzuri. Wauguzi wa jimbo la Victoria nchini Australia, kupitia chama chao, walishika msimamo wa kutonyanyua wagonjwa kwa mikono tangu mwaka 1998, na wakadai mashine. Sisi mashine hizo hatuna. Lakini shuka tunayo, na kuonyeshwa kwa robo saa hakuhitaji fedha. Siku mama alipolazwa tulipewa orodha ndefu ya vitu vya kununua, kuanzia glovu hadi dawa. Namna ya kumshika haikuwamo.

Nimesahau jambo moja ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Muuguzi alisema mgonjwa asiinuliwe kwa kushtukizwa. Aelezwe kwanza, kisha mtu mmoja tu ahesabu. Tulimjibu kwamba mama hasemi. Tangu aanguke hakuwa ametamka jina la yeyote kati yetu. Akatuambia tuanze tu. Shemeji akasema "moja". Mama akamalizia: "Mbili. Tatu." Kwa Kiswahili cha Ulyankulu, waziwazi, akainuka.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Baadaye nilielezwa kwamba waliopoteza maneno kwa kiharusi mara nyingi hubaki na hesabu, sala na nyimbo, kwa sababu hayo yamehifadhiwa kwa njia nyingine ubongoni. Tangu siku ile mama ndiye alihesabu. Hakuna aliyemgusa kabla hajafika tatu.

Wasomaji wa barabarani wataniuliza habari ya ajali. Hiyo ni kazi nyingine. Aliyeanguka kutoka juu ya lori au pikipiki, akilalamika shingo au mgongo, hawekwi juu ya pikipiki kwa kukunjwa kati ya watu wawili. Asipokuwa katika hatari ya moto au ya magari mengine, anaachwa alipo mpaka wapatikane watu wa kutosha: mmoja ashike kichwa na kutoa amri, wengine wamgeuze mzimamzima kama gogo hadi juu ya ubao. Ingobyi za wazee wetu, zile za kubebwa mabegani na wanaume wanne, zilikuwa na akili zaidi ya pikipiki. Mgonjwa alilala amenyooka.

Mama aliishi nasi miaka mitatu zaidi. Kila siku alikaa kitini mlangoni akitazama wapita njia. Bega halikurudi, na hadi mwisho hakupenda shemeji asimame upande wake wa kulia.

Shemeji bado anavusha mchele. Mwezi uliopita jirani yetu alipooza, wakaja kumwita kwa sababu ana nguvu. Alifika, akavua koti, akauliza kwanza upande upi ulio mzima, halafu akaomba khanga.