Suruali ya Mbunge, Miguu ya Waziri Mkuu: Kweli au Si Kweli?

Wanawake wakiingia kwenye siasa, mavazi yao huandikwa sana, na kila mara anayehoji uandishi huo hujibiwa kwa madai yaleyale. Baadhi ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli ndani yake, na hayo ndiyo yanayohitaji kuchambuliwa kwa uangalifu zaidi.

"Hayo ni mambo ya Ulaya, kwetu hakuna"

Si kweli. Tarehe 1 Juni 2021, Condester Sichwale, mbunge wa Momba mkoani Songwe, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge jijini Dodoma. Mbunge mwenzake, Hussein Amar, alisimama kulalamikia mavazi ya wabunge wanawake akamtaja aliyevaa shati la njano, akitaka suruali yake itazamwe. Spika Job Ndugai akamwagiza Sichwale atoke, akavae vizuri, ndipo arudi.

Kuiandika habari hiyo hakukuwa kosa. Mbunge akitolewa bungeni, wananchi lazima wajue. Lakini kiini chake kilikuwa kanuni: zinasemaje kuhusu suruali ya mwanamke? Nani anapima kubana kwake, na kwa kipimo gani? Watu wa Momba wanakaa bila msemaji kwa muda gani kwa sababu jicho la mtu mmoja halikuridhika? Picha ya Sichwale ilipozunguka mitandaoni, ubishi ukawa kama suruali imebana au haikubana, na kila mwenye simu akawa hakimu wa mwili wa mwakilishi wa watu. Chombo cha habari kinachorusha picha ya namna hiyo bila maswali yale kimeendeleza aibu iliyoanzia ukumbini.

"Wanaume nao husemwa"

Kweli. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na magazeti yakaandika kwa bidii, hasa kwa kuwa Rais William Ruto mwenyewe huzipenda. Barack Obama alipovaa suti ya rangi ya kaki mbele ya waandishi tarehe 28 Agosti 2014, ilizungumzwa kuliko alichokuja kusema.

Ila tazama mjadala unaishia wapi. Kwa mwanamume, unaishia kwenye kitambaa: rangi, mshono, kanuni. Kwa mwanamke, unapita nguo na kuingia mwilini. Angela Merkel, akiwa kansela wa Ujerumani, alikwenda kwenye ufunguzi wa jumba la opera la Oslo mwaka 2008 akiwa na gauni la jioni lenye shingo iliyokatwa chini. Kilichojadiliwa magazetini kilikuwa kifua chake.

Tofauti nyingine ni kwamba mwanamume anaruhusiwa kusahaulika. Mtangazaji wa televisheni wa Australia, Karl Stefanovic, alivaa suti moja ya bluu karibu kila siku kwa mwaka mzima, akafichua jambo hilo mwaka 2014. Watazamaji hawakuwa wamegundua. Alifanya hivyo kwa sababu mtangazaji mwenzake, Lisa Wilkinson, alikuwa akikosolewa kwa mavazi yake mara kwa mara. Hao si wanasiasa, lakini sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

"Ukimsifia, humdhuru"

Hapa pana utafiti, na tafiti zenyewe hazikubaliani. Mwaka 2013 mashirika ya Marekani yanayotetea wanawake katika siasa na katika vyombo vya habari yalichapisha uchunguzi uliowapima wapiga kura kwa kutumia mgombea wa kubuni. Walipomsikia akielezwa kwa sura na mavazi, uungaji mkono wake ulishuka, hata pale maelezo yalipokuwa ya sifa. Mgombea alipojibu, alirejesha sehemu ya alichopoteza.

Mwaka uliofuata wanasayansi wa siasa Danny Hayes, Jennifer Lawless na Gail Baitinger walimweka mgombea mwanamume na mwanamke kwenye jaribio moja. Waliona kwamba maneno mabaya juu ya sura na mavazi humuumiza mwanamume sawasawa na mwanamke. Hayes na Lawless walichambua pia magazeti ya Marekani wakati wa uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, na hawakukuta tofauti kubwa kati ya wagombea wa jinsia hizo mbili. Kwa hiyo anayesema kila mwanamke, kila mahali, huandikwa kwa mavazi kuliko mwanamume, naye anatia chumvi. Ila mgombea wa jimbo dogo la Marekani hafuatwi na kamera kama zinavyomfuata waziri mkuu au rais.

"Kuonekana ni kuonekana"

Si kweli. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, GMMP, ulikuta mwaka 2020 kwamba katika watu wanaosikika au kutajwa kwenye habari duniani, wanawake walikuwa asilimia 25 tu. Nafasi ni finyu tayari. Aya inayokwenda kwenye viatu imeondoa aya ya bajeti.

Ushahidi upo kwenye ukurasa wa mbele wa gazeti la Uingereza, Daily Mail, wa tarehe 28 Machi 2017. Waziri mkuu wa Uingereza, Theresa May, na waziri wa kwanza wa Uskoti, Nicola Sturgeon, walikuwa wamekutana Glasgow. Siku gazeti lilipotoka, Bunge la Uskoti lilipiga kura kuomba kura mpya ya maoni ya kujitenga. Kesho yake Uingereza ikawasilisha rasmi barua ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Gazeti likauliza nani kati yao ana miguu mizuri zaidi.

"Basi waandishi wasiguse mavazi kabisa"

Si kweli, na ushauri huo ungetunyima habari muhimu. Mwaka 2008 ilipojulikana kuwa chama cha Republican kimetumia takriban dola 150,000 kwa mavazi ya mgombea wake wa umakamu wa rais, Sarah Palin, na familia yake, ilistahili kuandikwa: fedha zilikuwa za chama, zilizochangwa na watu.

Na yako mavazi ambayo mvaaji mwenyewe ameyapa ujumbe. Tarehe 14 Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba aliingia katika Seneti ya Kenya akiwa na suti nyeupe yenye doa jekundu, akikusudia kupinga aibu wanayobebeshwa wasichana kwa sababu ya hedhi. Baadhi ya wenzake walilalamika, na akatakiwa atoke akabadilishe. Huwezi kuieleza habari ile bila suti hiyo, lakini haikupaswa kuishia hapo. Tangu 2017 sheria ya elimu ya msingi ya Kenya inaitaka serikali kuwapa wanafunzi wasichana taulo za kike bure. Mwandishi aliyetoka ukumbini siku ile alikuwa na maswali ya kuipelekea wizara: zimenunuliwa ngapi, zimefika shule zipi, na za mwaka jana zilikwenda wapi?