Kabla Hujamvika Mtu Taji

Mfalme Endrin wa ukoo wa Aeducan amekufa na kiti chake hakina mwenyewe. Mwanawe wa kwanza, Trian, ameuawa. Wa pili amebambikiwa mauaji hayo na kutupwa nje ya malango ya mji. Amebaki wa tatu, Bhelen, kijana mwepesi wa akili na mzito wa mkono. Mpinzani wake ni Bwana Pyral Harrowmont, mzee aliyekuwa msiri wa mfalme, naye anashikilia kwamba marehemu alimuusia kitandani kuwa Bhelen asikikalie kiti hicho. Baraza la mamwinyi limegawanyika, wafuasi wa pande mbili wanauana hadharani, na atakayekata shauri ni mgeni aliyewasili leo kutoka juu ya ardhi. Mgeni huyo ni wewe mchezaji.

Mji wenyewe unaitwa Orzammar, makao ya vibete wa hekaya waliochimba ufalme wao chini ya milima. Uko katika gemu ya Dragon Age: Origins, iliyotolewa Novemba 2009 na BioWare, kampuni ya Edmonton, Kanada. Ugomvi wa koo umejaa tele katika gemu za kuigiza wahusika, lakini huu wa Orzammar ndio ninaourudia kila ninapotaka kueleza kwa nini chaguo moja humkaa mtu moyoni na jingine husahaulika kabla kompyuta haijazimwa. Gemu imeshapita miaka kumi na tano tangu itoke, basi nitaisimulia mpaka mwisho.

Tuanze na chaguo la aina nyingine. Katika Morrowind, gemu ya Bethesda ya mwaka 2002, koo kuu tatu humpokea mchezaji: Redoran, watu wa upanga na heshima, Hlaalu, watu wa biashara na ujanja, na Telvanni, wachawi wanaoishi ndani ya minara ya uyoga. Ukiingia katika ukoo mmoja, milango ya koo nyingine inafungwa. Ni chaguo zuri, maana linakupa kwenu, cheo na kazi ya kufanya. Ila mchezaji huliamua kwa kujitazama mwenyewe. Aliyejifunza upanga huenda Redoran, aliyejifunza uchawi huenda Telvanni, na shauri limekwisha. Orzammar inakulazimisha uwatazame wengine.

Wewe ni askari wa kikosi cha Grey Wardens. Viumbe wa giza wamefumuka kutoka ardhini na wanaimeza nchi ya Ferelden, na unazunguka na mikataba ya kale inayowabana vibete wakuletee jeshi. Jeshi hutolewa na mfalme, na mfalme hayupo. Kwa hiyo umekuja kuwawekea watu mfalme wao kwa sababu una shida na askari wao. Hili ni la kukumbukwa, kwani linaeleza ni nani hasa anayepiga kura katika hadithi hii.

Ufundi wa waandishi uko katika mpangilio wa habari: nini unakijua kwanza, nini unakijua baadaye. Cha kwanza kuonyeshwa ni tabia. Msaidizi wa Bhelen, Vartag Gavorn, anakupa hati mbili uwapelekee mabwana wawili, zionyeshe kwamba Harrowmont amewaahidi wote wawili ardhi ileile. Ukizipitisha kwanza kwa watunza kumbukumbu wa mji, utaambiwa ni za kughushi. Upande wa Harrowmont, mtu wake Dulin Forender anakuomba upigane ulingoni kwa jina la bwana wake, kwa kuwa wapiganaji wake wawili wamejitoa. Ukiwafuata, unagundua mmoja anatishwa kwa siri zake na mwingine amelishwa uongo. Hapo mtu aliyelelewa vizuri ataegemea wapi? Mara ya kwanza nilimchagua Harrowmont bila kusita, nikaona nimefanya haki.

Cha pili kinakuja polepole, na hakuna anayekulazimisha kukitazama. Orzammar inaendeshwa kwa matabaka: mamwinyi, askari, wahunzi, mafundi, wachimbaji, wafanyabiashara, watumishi. Mtoto wa kiume hurithi tabaka la baba, wa kike hurithi la mama. Chini kabisa kuna wasio na tabaka, waliochanjwa alama usoni tangu utotoni ili kila mtu awajue. Kazi za halali wamekatazwa, na wanaishi mtaa wa Dust Town, kwenye magofu ambayo wengine wameyaacha. Njia zao za kutokea ni chache. Ipo ya kujiunga na genge la magendo la Jarvia. Ipo nyingine, ya binti kujipamba na kumtafuta mwinyi amzalie mtoto wa kiume. Mtoto huyo atakuwa mwinyi kama babake, na mama pamoja na jamaa zake watahamia katika jumba la ukoo. Tazama jinsi sheria moja fupi ya urithi ilivyozaa biashara nzima ya matumaini na aibu. Mwandishi mvivu angejaza kurasa za historia ya mji. Hawa wameweka kanuni moja na kuiacha itende kazi.

Kisha wakafanya jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha kazi yao. Gemu ina mianzo sita, na miwili kati yake ni ya Orzammar. Ukianza kama mtoto wa pili wa mfalme, Bhelen ndiye ndugu yako aliyekuchongea na kukupeleka ukafie gizani. Ukianza kama mtoto wa Dust Town, dada yako Rica amemzalia Bhelen mtoto wa kiume, na utakaporudi utamkuta yeye na mama yenu wanaishi ndani ya kasri. Bhelen ni yuleyule katika hadithi zote mbili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa mchezaji anaweza kukilalia kila upande, akaona jinsi haki inavyobadilika sura kwa kubadili mto.

Katikati kuna safari ndefu ya kumtafuta Branka, fundi aliyetukuzwa, aliyepotelea kwenye njia za kale chini ya ardhi akilisaka fuawe lililotengeneza askari wa mawe na chuma. Unarudi na taji lililofuliwa huko, na neno lako Barazani ndilo la mwisho. Unaweza hata kumgeuka uliyemtumikia muda wote. Ukimtaja Bhelen, amri yake ya kwanza ni Harrowmont auawe. Ukimtaja Harrowmont, Bhelen anachomoa silaha palepale na inabidi afe mbele ya Baraza.

Matokeo yenyewe huyasomi mpaka gemu imalizike. Utawala wa Harrowmont unaufunga mji: biashara na watu wa juu inakatwa, mamwinyi wanaongezewa nguvu, wasio na tabaka wanabanwa zaidi, na wanapoasi wanapondwa. Bhelen anafungua biashara, anawapa wasio na tabaka baadhi ya haki kwa wale watakaoshika silaha dhidi ya viumbe wa giza, na majeshi yake yanaanza kurudisha ardhi iliyopotea. Mamwinyi wanapompinga, analivunja Baraza na kutawala peke yake.

Niliposoma mwisho wa Harrowmont nilikaa kimya muda mrefu. Nilidhani nimedanganywa, nikaanza upya, na safari hii nikasikiliza. Mzee hakuwa ameficha kitu. Tangu neno la kwanza alizungumzia mila na desturi, nami sikujiuliza mila hizo zinamkalia nani shingoni. Nilikuwa nimelijibu swali moja nikadhani nimejibu mawili. Swali la kwanza ni huyu ni mtu wa namna gani. La pili ni utawala wake utamfikishia nini yule wa chini kabisa. Muungwana anaweza kuilinda dhuluma kwa moyo safi, kwa sababu aliirithi ikiitwa utaratibu.

Hili halimsafishi Bhelen. Damu ya ndugu zake iko mikononi mwake, na Baraza likishavunjwa hakuna wa kumzuia siku atakapowageukia aliowainua. Siku hizi taji humpa yeye, nami siiruki ile sehemu anapoamuru mzee auawe. Anayechagua anapaswa kuiona gharama ya alichochagua.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayefika Orzammar, au mbele ya koo zozote mbili zinazogombana, ni huu. Kila hati unayopewa uipeleke, ihakikishe kwanza. Kila mgombea, pima anachotaka kukilinda pamoja na jinsi anavyosema nawe. Na kabla hujaingia Barazani, shuka Dust Town.

Huko utamkuta mwanamke anayeitwa Zerlinda, ameketi na mtoto mchanga. Yeye ni wa tabaka la wachimbaji, lakini alimpenda mwanamume asiye na tabaka, na mtoto ni wa kiume, kwa hiyo amerithi alama ya babake. Wazazi wake wamemwambia arudi nyumbani, mradi mtoto amwache huko chini gizani. Si Bhelen wala Harrowmont atakayekutuma kwake, na gemu inamalizika vizuri tu hata usipomsemesha. Msemeshe. Msikilize mpaka mwisho, kisha ndipo upande ngazi ukachague mfalme.