Ndege wa Mchezoni na Ndege wa Sudd
Katika mchezo wa video Skyward Sword, uliotolewa na Nintendo mwaka 2011, yupo ndege mkubwa abebaye mtu angani. Kwa Kiingereza huitwa Loftwing; Wafaransa wamemwita Célestrier, yaani farasi wa mbinguni. Mdomo wake mpana wafanana na wa korongo-nyangumi, aishiye katika vinamasi vya Sudd, kaskazini ya Juba. Huyu naye ana majina: Waarabu humwita Abu Markub, baba wa kiatu, wataalamu, Balaeniceps rex, mfalme mwenye kichwa cha nyangumi.

Wa mchezoni akianguka, mtoto huanza upya. Wa Sudd, makinda yake yakiibwa yakauzwa, hayarudi kiotani. Mzazi amweleze mwanawe tofauti hiyo. Askari naye asiwafumbie macho wezi.