Mazoezi ya Mtoto Mchanga kwa Mgongo wa Mtu Mzima

Mtoto wa miezi mitatu au minne akilazwa chali huinua miguu yote miwili, magoti ameyakunja, akabaki hivyo huku mgongo wake umetulia. Hakuna aliyemfundisha. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mpana uliopo kati ya kifua na tumbo, kikishirikiana na misuli ya tumbo, ya uti wa mgongo na ya chini ya nyonga. Mtu avutapo pumzi, kiwambo hushuka. Misuli mingine ikikaza, shinikizo hupanda tumboni na kuutegemeza uti wa mgongo kwa mbele, kama upepo unavyobeba tairi.

Tiba iliyojengwa juu ya jambo hili ina asili yake Cheki. Daktari Václav Vojta (1917–2000), akiwatibu watoto wenye mtindio wa ubongo, aliona kwamba kuwalaza kwa mkao maalumu na kubonyeza sehemu fulani za mwili huamsha mienendo ya kupinduka na kutambaa. Baadaye Pavel Kolář, mtaalamu wa fiziotherapia wa Prague, aliyaendeleza hayo yakawafaa watu wazima, wanamichezo wakiwamo.

Mtu mzima anayeshinda kitini huzoea kupumua juujuu. Akiambiwa akaze tumbo, hulivuta ndani na kubana pumzi. Mbavu hupanda, kiwambo kikakosa nafasi ya kushuka. Tumbo bapa la kwenye matangazo halithibitishi uimara wowote.

Zoezi la kwanza, kwa hiyo, ni pumzi. Mtu hulala chali, miguu akaiegemeza juu ya kiti, nyonga na magoti vikiwa nyuzi 90. Vidole huvibana ubavuni, chini ya mbavu za mwisho, kisha huvuta pumzi kwa pua taratibu. Vidole vinatakiwa kusukumwa nje, kwa upande na kwa nyuma pia; tumbo kupanda juu peke yake hakutoshi. Akishaweza, huinua mguu mmoja kutoka kitini, kisha wote wawili, bila kukatiza pumzi. Kiuno kikianza kuinuka sakafuni, miguu irudi kitini: uzito umezidi uwezo.

Hufuata kulala kifudifudi kwa kuegemea viwiko, kupinduka, kisha kutambaa kwa mkono mmoja na goti la upande wa pili, hatua ambayo watoto wengi huifikia kati ya miezi 7 na 10. Watu wazima wengi hukimbilia hatua hii kabla ya kuimudu pumzi, na nyonga huyumba.

Mazoezi kwa ujumla husaidia maumivu sugu ya mgongo, ila haijathibitika kwamba haya yanayashinda mengine. Anayehisi ganzi sehemu za siri, kulegea miguu au kushindwa kuzuia mkojo asijaribu zoezi lolote. Awahi hospitali siku hiyohiyo.